Namba Iliyo Chini ya Nne

4 Machi

Daktari wa mishipa ya fahamu anataka mtu mmoja hapa nyumbani awe anaandika. Fundi kaanguka mara ngapi, kapaliwa mara ngapi, usiku kaamka mara ngapi kukojoa. Karani akasema, "Nitaandika mimi." Nikamwambia, wewe unatoka alfajiri kama jogoo aliyefukuzwa, utaandika saa ngapi? Nitaandika mimi.

Wakatazamana, mume na mke. Najua walichokuwa wanafikiri. Ni kweli, sikusoma. Shule nimeijua kwa kuishonea sare. Namba nilijifunza kwenye futi ya kupimia, na herufi nilizifukuza kwenye majina ya wateja mpaka nikazikamata. Mwandiko wangu unatembea kama kuku kwenye tope, lakini unafika.

Fundi ni mwanangu. Ana miaka hamsini na miwili, na cherehani nilimfundisha mimi. Karani ni mkewe, anapima malori ya nafaka kwenye mizani ya ghala. Uso wake nao ni mizani: hauonyeshi kitu mpaka uwekewe gunia.

Leo: hakuanguka. Kapaliwa mara moja, kwa maji. Mkojo mara tatu. Chumba changu kimepakana na choo, nimehesabu mlio wa fimbo yake sakafuni.

5 Machi

Hakuanguka. Hakupaliwa. Mkojo mara tatu. Mawingu yamekaa tu, kama wageni wasioaga.

9 Machi

Mvua imekuja na ghadhabu zake zote. Bati linapiga kelele, tunaongea kwa kupaaza sauti kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Tuna sare za watoto sitini na wanne, shule zinafungua Mei. Miguu ya Fundi haina nguvu tena ya kukanyaga pedali, kwa hiyo tunashona wawili kwa cherehani moja. Mimi nakanyaga, yeye anaongoza kitambaa. Anasema "twende," nakanyaga. Anasema "pole," napunguza. Anasema "basi," nasimama. Wateja wanacheka: "Bibi ndiye injini." Nawajibu kwamba injini hii imetengenezwa zamani, vipuri vyake havipatikani, kwa hiyo waiheshimu.

Mkojo mara nne.

12 Machi

Nimegombana na Karani. Anamsagia Fundi chakula kama cha mtoto asiye na meno. Nikamwambia, mume wako ana meno thelathini na mawili, niliyahesabu yakiota. Akasema, "Meno anayo, Mama. Koo ndilo halina nguvu." Akaendelea kusaga. Nikamwambia mwanamume akilishwa uji kila siku, moyo wake nao unakuwa uji. Akaongeza maji, akasaga tena. Huyo ndiye Karani. Ukimpiga jiwe analipokea, analiweka chini, anaendelea na kazi. Mtu wa hivyo humjui anakuchukia au anakuhurumia.

15 Machi

Ameanguka. Alikuwa mlangoni anampokea mteja, goti likajikunja lenyewe kama kiti cha kukunja. Mteja alipotaka kumwinua, Fundi akacheka. "Niache, nilikuwa natafuta sindano." Akatambaa mpaka ukutani, akapanda ukuta kwa mikono. Mimi nilikuwa nimebana meno mpaka taya likauma.

Ugonjwa huu nimempa mimi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ulivyo. Daktari wa mishipa alituchorea kwenye karatasi: mwanamke anaubeba, mwanamume unamwangukia. Kaka yangu alikufa nao, sisi tukasema amerogwa, tukakosana na jirani asiye na hatia kwa miaka kumi. Mimi nimeubeba begani maisha yangu yote bila kuchechemea, kisha nikaushusha kwa mwanangu. Mjukuu wangu, binti yake aliye shule ya bweni, naye ameshabebeshwa. Siku Daktari alipochora, nilimtazama Karani, nikangoja aseme neno. Hakusema. Nangoja mpaka leo.

20 Machi

Siku ya sindano. Anachomwa kila miezi mitatu kwa daktari wa mishipa. Inakausha homoni ya kiume, maana homoni hiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa wake. Inaufanya uende pole pole. Lakini bei yake anailipa mwanangu kwa mwili. Ndevu zimekuwa chache. Kifua kilichokuwa kimeanza kuvimba kwa ugonjwa sasa kimevimba zaidi. Mashati anajishonea mwenyewe, mapana, mifuko miwili mizito mbele, hata siku za joto.

Kwenye daftari letu la vipimo yumo kila mtu wa mtaa huu. Yumo mwenye duka, yumo mwalimu mkuu, yumo hata marehemu. Fundi mwenyewe hayumo. Mwaka jana nilichukua futi nimpime koti, akaushika mkono wangu ukiwa hewani. "Mama, mimi najijua." Nikaikunja futi.

Mkojo mara nne.

27 Machi

Mkojo mara tano. Na anasimama kule muda mrefu, nasikia kimya, kisha matone. Asubuhi nikamwambia. Akasema, "Ni ugonjwa wangu, Mama. Misuli."

Katika nyumba hii kila kitu ni ugonjwa wake. Kijiko kikianguka ni ugonjwa. Bobini ya uzi ikipotea ni ugonjwa. Naona umekuwa kama yule mtoto mtundu wa darasa: hata asiyoyafanya anachapiwa yeye.

2 Aprili

Wamekwenda kwa daktari wa mkojo, hospitali ya upande wa pili wa mji. Fundi aliichagua mwenyewe, kule hakuna anayemfahamu. Huwa anaingia peke yake, Karani anangoja kwenye benchi.

Amerudi mchangamfu. "Mama, damu imepimwa ile ya tezi dume. Mpaka ni nne, mimi nina mbili nukta tisa. Salama!" Tena daktari wa mishipa alishamwambia kwamba watu wa ugonjwa kama wake ni nadra kupata saratani ya tezi. Nadra, nadra, analiimba neno hilo tangu aingie.

Nikamuuliza: "Na mara iliyopita ulikuwa na ngapi?"

"Chini ya nne."

"Sikukuuliza mpaka. Nimekuuliza ngapi."

Akawasha redio.

3 Aprili

Fundi alipolala mchana nilitoa kadi zake kwenye bahasha, nikazipanga mezani kama vipande vya shati. Ziko nne, ya kwanza ni ya mwaka jana. Namba nazijua, lakini kile kidoti katikati kilinishinda. Futi yangu haina vidoti, ina robo na nusu.

Karani aliporudi nikamwita. Kwa shida, sikufichi. Nikamwambia, "Nisomee."

Akakaa na viatu vyake vya tope. "Hii ni sifuri nukta tatu, Mama. Haifiki hata nusu. Hii ni nukta nane, bado haijawa moja. Hii ni moja nukta saba. Na hii ya jana, mbili nukta tisa."

Nje mvua ilikuwa inapiga bati.

Mimi nimepima watoto miaka hamsini. Ukitaka kujua mtoto anakua, huangalii urefu wake, unaangalia kipimo cha mwaka jana. Mtoto anaweza kuwa mfupi kuliko wote darasani, lakini kama kila muhula unamfungulia pindo, huyo anakua, na anakua mbio. Nikamwambia Karani hivyo. Nikamwambia, huyu wanasema ni mfupi. Mimi naona tumefungua pindo mara tatu.

Karani akaweka kidole kwenye kadi ya kwanza, akakiburuta mpaka ya mwisho. Kwa mara ya kwanza nikaona ile mizani ikicheza. Akasema, "Nimekaa kwenye benchi lile mara nne, Mama. Sikuwahi kuziweka pamoja."

4 Aprili

Nimemwambia Fundi arudi hospitali. Amekataa.

"Daktari amesema salama."

"Daktari ameona kadi moja. Mimi nimeona nne."

"Na wewe umesomea wapi, Mama?"

Akajuta palepale, nilimwona. Lakini neno halina pindo la kufungua. Nikamwambia, "Nimesomea kwenye mgongo wako, nilipokuwa nikikubeba." Nikatoka kuanua nguo ambazo zilikuwa zimeshalowa.

6 Aprili

Mkojo mara sita. Hatuzungumzii.

8 Aprili

Kumbe Karani amepiga simu hospitali, amepanga siku. Akamwambia mumewe mbele yangu, kwa sauti ileile ya kusoma uzito wa lori: "Keshokutwa saa nne. Na Mama anakuja."

Fundi akasema, "Mmeungana lini nyinyi?"

Hata sisi hatujui.

10 Aprili

Leo nitaandika mpaka kalamu ichoke.

Chumba cha daktari wa mkojo ni kidogo, kina feni isiyozunguka na kitanda chenye karatasi. Daktari ni kijana, ana kola iliyoshonwa upande. Aliona tunaingia watatu, akamtafutia Karani kigoda.

Nikazipanga kadi nne mezani kwake. Nikasema, "Mwanangu, mimi sikusoma. Lakini nisomee hizi kwa mpangilio, kuanzia mkono wangu wa kulia."

Akatabasamu lile tabasamu la kuwapa wazee. Akasoma. Alipofika ya tatu tabasamu likaondoka. "Zimepanda, ni kweli. Bado ziko chini ya mpaka, Bibi. Lakini zimepanda." Akamgeukia Fundi. "Hebu nikumbushe, unatumia dawa gani?"

Fundi akasema, "Za presha. Na vitamini."

"Nyingine?"

"Hakuna."

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anatazama karatasi ya kitandani. Mikono yake ilikuwa imeshika mifuko ya shati, yote miwili, kama mtu anayezuia mlango. Hapo nikaelewa. Miezi yote hiyo, mara nne ameingia chumba hiki, na hajawahi kulisema. Aliona haya kumwambia mwanamume mwenzake kwamba anachomwa sindano ya kukausha uanaume.

Ningeweza kunyamaza, nikamwita daktari pembeni. Mwanamke mwenye busara angefanya hivyo. Mimi nina mdomo.

"Anachomwa sindano," nikasema. "Kila miezi mitatu. Ya kukausha homoni ya kiume, kwa ajili ya misuli. Mwaka na nusu sasa. Na kifua kimemvimba, ndiyo maana havui shati."

Nje muuguzi alikuwa anaita namba za watu.

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza jina la sindano, Karani akalitaja bila kusita. Akafunga macho kidogo. Kisha akatueleza pole pole, na nitayaandika kama nilivyoyashika. Ile namba nayo inalishwa na homoni ya kiume. Mtu anayechomwa sindano ile, namba yake inatakiwa ishuke karibu na sifuri na ikae hukohuko. Mpaka wa nne ni wa watu wengine, si wake. Kwake yeye, kitu kinachopanda wakati kimenyimwa chakula ni kitu cha kuogopwa.

"Ningelijua hili tangu mwanzo," akasema, "nisingemwambia salama hata mara moja."

Fundi ameandikiwa picha ya mashine, na kuchukuliwa vinyama vya tezi vikapimwe.

Ndani ya teksi alikaa mbele. Tulipokaribia nyumbani akasema bila kugeuka: "Umenivua nguo mbele ya watu, Mama."

Nikamjibu: "Za kwanza kabisa nilikuvika mimi. Nina haki ya kukuvua."

Nilidhani atacheka. Nimeishi miaka sabini na sita na bado sijui wakati wa kufunga mdomo.

11 Aprili

Hasemi nami.

12 Aprili

Hasemi. Lakini sare zinangoja, na cherehani haikubali mtu mmoja. Tumekaa bega kwa bega. Badala ya "twende" anagonga meza mara moja. Mara mbili ni "pole." Kiganja kikilala mezani ni "basi." Tumeshona sketi saba hivyo. Mishono imenyooka kama barabara ya kwenda kwa rais. Sijawahi kushona vizuri namna hiyo nikiwa na moyo mbovu namna hiyo.

16 Aprili

Kugonga. Mkojo mara sita.

22 Aprili

Wamemchukua vinyama. Daktari wa mishipa alipiga simu mwenyewe kuwaonya wenzake wasimlaze kwa dawa ya usingizi mzito, kifua chake kinaweza kusahau kupumua. Wakamtia ganzi pale mahali tu. Karani aliingia naye. Mimi nilibaki kwenye benchi lile la kungoja, nikajua linavyouma mfupa. Mara nne Karani amelikalia peke yake.

Majibu baada ya wiki mbili. Nimehesabu: siku kumi na nne, sare ishirini na tatu.

30 Aprili

Mungu anisamehe.

Nilitaka tupatane. Mimi kupatana kwangu ni jikoni. Nikamchagulia kipande cha nyama, nikakichemsha mpaka kikalainika, nikakikata kidogo, si kidogo cha Karani, kidogo changu. Nikamwekea mezani saa saba mchana. Alikitazama, akanitazama. Nafikiri naye alitaka tupatane, maana alikula.

Tonge la pili likakwama. Hakukohoa. Ningefurahi angekohoa. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Midomo ikabadilika rangi. Nikampiga mgongoni kwa ngumi hizi zenye baridi yabisi. Hakuna. Nikapiga ukelele.

Karani alikuwa ndani anabadilisha nguo, zamu yake iliisha mapema kwa ajili ya mvua. Alikuja na kanga moja kifuani. Akanisukuma, ndiyo, alinisukuma, akamwinamisha mumewe, akampiga katikati ya mabega kwa kiganja, mara tano. Akampitia kwa nyuma, akafunga mikono juu ya kitovu, akavuta kwa ndani na juu. Mara moja. Mbili. Ya tatu nyama ikaruka mpaka kwenye sare zilizopigwa pasi.

Fundi akavuta pumzi. Nimesikia sauti nyingi maishani, vilio vya watoto wangu wakizaliwa. Ile ya leo naiweka pamoja nazo.

Alipotulia na kulala, nilimkuta Karani jikoni amekaa sakafuni. Nikakaa karibu naye, magoti yakilalamika. Nikamwambia, "Sema sasa. Nilimpa ugonjwa, na leo nusura nimmalize. Sema, nina kifua cha kupokea."

Akasema: "Mama, nimelala nimekaa mwaka mzima, nimeegemea ukuta, ili nisikie akipaliwa na mate yake. Sina nguvu za kumlaumu mtu. Nina nguvu za kumpenda tu, tena zinakaribia kwisha." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Ila nyama, Mama, usirudie."

Nikamwambia, kuanzia leo tutasikiliza kwa zamu. Mimi usingizi wangu ni wa mzee, ni mwepesi kama uzi wa kutarizi. Wewe lala chali kama binadamu. Akaweka kichwa begani kwangu. Kizito! Kichwa cha mtu aliyechoka kina uzito wa lori.

Kapaliwa: mara moja. Kosa ni langu.

3 Mei

Sare zimekwisha, sitini na nne. Ile iliyorukiwa na nyama nimeifua mara mbili. Fundi bado anagonga.

6 Mei

Majibu.

Daktari alisimama tulipoingia, nikajua. Mtu mwenye habari njema hukaa.

Ni saratani. Ipo ndani ya tezi, haijatoka nje, haijafika mfupani. Aina yake ni ile yenye haraka. Upasuaji hawauthubutu kwa ajili ya kupumua kwake. Atapigwa mionzi, siku tano kwa wiki, wiki saba, na madaktari wote wawili sasa wataandikiana. Akasema hakuna anayeweza kutuahidi, lakini tumeiwahi. Nikamuuliza, tungeendelea kuambiwa salama? Hakuzungukazunguka. "Ingefika nne huenda baada ya miezi, Bibi. Wakati huo huenda ingekuwa imeshatoka."

Fundi aliuliza swali moja tu: "Kwenye mionzi nitavaa nini?"

Muuguzi akamwonyesha gauni la hospitali. Jepesi, limefungwa kwa kamba mbili, linaonyesha kila kitu mbele na kumalizia nyuma. Fundi aliligeuza, akaangalia mshono kama anavyoangalia kazi ya fundi mlevi. "Naweza kuja na langu?" Wakasema, lisiwe na chuma wala zipu, basi.

Njiani alikaa nyuma, kati yangu na Karani. Hakusema nami. Lakini alikaa nyuma.

Mkojo mara sita.

10 Mei

Mvua zimeanza kuchoka. Leo imenyesha nusu saa tu, tena bila moyo. Mionzi inaanza kesho.

Saa tatu asubuhi nikasikia mkasi. Nikaenda. Fundi alikuwa ametandaza pamba nyeupe mezani, nzuri, ile tuliyoiweka kwa ajili ya maharusi. Ameshakata mgongo. Mikono inamtetemeka, chaki imepinda mahali, lakini mgongo ameupatia. Mbele alikuwa hajakata. Alikuwa amesimama, kiuno amekiegemeza mezani, anautazama upande wa mbele.

Nikakaa kwenye pedali yangu, nikangoja agonge.

Hakugonga. Akasema, "Hili nikilikosea litabana."

Siku ya thelathini tangu aache kusema nami. Nilijikaza nisilie, nikasema kwa ukali, "Basi usikosee."

"Kujipima mwenyewe mtu anadanganya, Mama. Anavuta tumbo. Anavuta kila kitu."

Akaanza kufungua vifungo. Cha kwanza kilimshinda, vidole havina nguvu asubuhi. Sikumsaidia. Akapata. Cha pili. Cha tatu. Akalivua shati la mifuko miwili, akaliweka juu ya cherehani, akasimama mbele yangu na mwanga wote wa dirishani, mikono pembeni, kama watoto wa shule ninavyowaambia wasimame. Karani alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Akarudi nyuma bila kuita.

"Lete futi," akasema. "Pima vizuri."

Nikaivua shingoni, nikamzungushia. Ngozi yake ilikuwa na joto. Nilipima mara mbili, kama inavyotakiwa. Nikafungua daftari la vipimo, ukurasa mpya, nikaandika jina lake, bega, mkono, kiuno. Kifua nikakiandika hukohuko, sehemu ya wateja.

Humu, kwenye haya ya daktari, siandiki. Humu nimeandika mkojo wake, kuanguka kwake, kupaliwa kwake, na damu yake yote na vidoti vyake, na chumba kizima kilisikia. Namba hii ni yake.

Akagusa bega langu. "Twende," akasema.

Nikakanyaga.